Nilivyokwenda Anoka Kumtukana Balozi

Tangu nirudi sijanywa chai ikiwa ya moto. Kila anayepiga hodi, kabla hajakaa, ananiuliza: "Mwalimu Nyamizi, ni kweli ulikwenda Marekani kumtukana mzee wa watu aliyefiwa?" Ni kweli. Nilikwenda, nikamtukana, na nikalishwa vizuri. Sasa nayaandika yote kwa mkupuo, kila mtu asome kwake, nami nipumzishe koo. Habari za viza na tiketi naziruka. Hazina ladha, na mwenye hamu nazo akapange foleni yake mwenyewe.

Kwanza mumjue aliyefiwa. Anaitwa Lucien Dervaux, Mfaransa, balozi mstaafu, ila nyumbani kwetu hana jina zaidi ya Mzaramo. Alipofika Dar es Salaam alikuwa kijana, katibu mdogo kuliko wote ubalozini, na marehemu baba yangu ndiye aliyemfundisha Kiswahili. Siku moja jirani yake akafiwa, wakaenda wote msibani Kisarawe. Wanaume walipoenda kuchimba kaburi, yule kijana akavua koti, akashika jembe, akachimba mpaka malengelenge yakampasuka. Wazee wa Kizaramo wakasema aliyechimba nasi ni wetu, kuanzia leo wewe ni Mzaramo. Kusikia hivyo tu, baba akamvua viatu.

Hamhitaji kufundishwa, lakini karatasi hii huenda ikaangukia mikononi mwa wajukuu waliozaliwa mbali. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kuchukua chako, kuvaa nguo za marehemu akamwigiza, na kukuchekesha hata maiti ikiwa bado ndani, nawe ukinuna, aibu ni yako. Kijana wa Kifaransa hakuyajua hayo. Alidhani pametokea mgogoro, akaanza mazungumzo ya kidiplomasia. Akapendekeza hata kamati ya pande mbili. Alirudi mjini peku.

Utani wao ukadumu hivyo maisha yote, kwa barua na baadaye kwa simu, kila nchi aliyopelekwa. Baba alipofariki, Mzaramo alipiga kutoka Marekani, akaomba simu iwekwe spika katikati ya matanga, akamsema marehemu: "Mihayo, mpagazi wewe, umekimbilia huko kwa sababu umesikia hakuna mizigo ya kubeba." Mama yangu, ambaye tangu msiba uingie hakutia kitu mdomoni, alicheka mpaka akaomba uji. Jambo hilo sikulisahau.

Basi mwaka huu mkewe, Ingrid, akafariki katikati ya baridi. Kule ardhi huganda ikawa jiwe, na wengi husubiri majira yageuke ndipo wazike. Ardhi ikalainika. Kaburi likachimbwa mara mbili, na mara mbili Mzaramo akamwambia mchungaji, kwa adabu kubwa, kwamba wakati haujafaa. Binti yao Solange akanipigia simu. Alisema baba yake hacheki, hagombi, na ukimwuliza anataka nini hujibu neno moja tu: msiba huu hauna mtani.

"Wewe ndiye mtani?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Basi njoo, tafadhali. Tumepanga mazishi tena, Jumamosi moja ya Mei. Akiahirisha na hiyo, sijui nitafanya nini."

Tabora hadi Dar es Salaam

Treni ilichelewa kuondoka, ikachelewa njiani, na ilipofika Dodoma ikaamua kukaa kabisa. Sikuchukia. Aliyesomesha darasa la watoto themanini hashindwi kukaa kitako. Nikanunua kuku wa kukaanga dirishani, mkavu, mwekundu kwa pilipili, nikafungua gazeti lililomfunga. Kabla sijatia mdomoni, mkono ukatokea kiti cha nyuma ukachukua paja.

"Tangu lini Mnyamwezi akala kuku wakati mizigo inamsubiri?" Alikuwa bwana wa makamo mwenye kofia ya kufuma, Mzaramo wa Maneromango, alikuwa amenisikia ninavyozungumza na muuza kuku.

"Kula, baba, ushibe," nikamwambia. "Kwenu najua hampiki, mnasubiri harusi za watu."

Behewa zima likacheka. Akala paja langu taratibu, akaomba na chumvi. Nilipomweleza ninakokwenda alifuta mikono, akawa makini ghafla.

"Huyo Mfaransa ni mwenzetu kabisa?"

"Alichimba kaburi Kisarawe."

"Basi dada, usimwonee huruma. Ukimwonea huruma umemwacha peke yake." Tulipofika Dar alinibebea sanduku mpaka nje ya stesheni, huku akilalamika kwa sauti kwamba dunia imepinduka, leo Mzaramo anambebea Mnyamwezi.

Dar es Salaam hadi Amsterdam, kisha kusubiri

Ndege ya kwanza sina la kuisemea, nililala. Amsterdam ndiko nilikokwama. Ndege ya kwenda Minneapolis ilikuwa na hitilafu, wakatuambia tusubiri, wakatupa hati za chakula. Nikapewa mkate wenye jibini nene kama sabuni ya kufulia. Niliula wote. Bure haina kinyaa.

Pembeni yangu aliketi baba mmoja Mkongomani, suti ya bluu, viatu vinavyong'aa, anarudi kwa wanawe huko huko Minnesota. Tulielewana kwa kuvutana kidogo.

"Mama, unaenda kuona nani kule?"

"Naenda msibani. Kwa balozi wa Kifaransa aliyestaafu. Zamani alikuwa konsuli kwenu, Lubumbashi."

"Ah, ba-diplomate!" Akatikisa kichwa, ameshakumbuka mambo. "Bale banasemaka muzuri sana, mama. Unaingia bureau na kasirani, unatoka unasema merci beaucoup, na kile ulikuya kuomba, hawakukupa. Chunga sana. Atakuonyesha chai, utasahau njia."

Nilicheka, lakini maneno yake nikayafunga kwenye upindo. Baba naye alikuwa akisema hivyo hivyo: Mzaramo akikutukana, uko salama, akianza kukushukuru, jua amefunga mlango.

Bloomington

Nilitua mimi, sanduku halikutua. Ndani yake mlikuwa na vitenge vyangu vyote, sweta na asali ya Tabora chupa mbili. Mama mmoja wa uwanjani aliniomba radhi kwa upole mkubwa, akaniambia litaletwa, akanipa mswaki. Nikatoka nje na mkoba wa mkononi na gauni la kitambaa chepesi, mwezi wa Mei, nikidhani Mei ni Mei popote. Upepo wa kule haukusoma kalenda hiyo.

Aliyekuja kunipokea ni Wambui, Mkenya, muuguzi, anayefanya kazi hospitali moja na Solange. Solange alimwomba anipokee kwa sababu ya Kiswahili, na kwa kuwa ndege ilichelewa nilale kwake Hopkins.

"Auntie, karibu Minnesota. Woi, na hauna jacket? Ingia haraka, nime-warm gari. Tupitie mall hapa Bloomington tukununulie kitu."

Hilo duka, wenzangu, si duka. Ni wilaya. Tulipoingia tu nikasikia watu wanapiga mayowe juu juu, wanaume kwa wanawake, nikasimama nikatoa kanga mkobani nikaifunga kiunoni, maana nilidhani tumeingia kwenye msiba. Kumbe ni mchezo: wamejenga reli ndani ya jengo, watu wanalipa kuzungushwa kwa kasi ili wapige kelele. Nilisimama nikiwatazama muda mrefu kuliko ilivyo heshima kwa mtu wa umri wangu. Mwishowe Wambui akaniuliza kama nataka kupanda. Nilikataa mara ya kwanza.

Sitawaambia nilipiga kelele kiasi gani. Tulitoka na soksi, chupi na viatu vya mpira, na njiani ndipo tukakumbuka kwamba koti hatukununua.

Hopkins

Wambui anaishi kwenye maghorofa ya zamani, yenye ngazi zinazolia na majirani wanaosalimiana. Alinipikia ugali na sukuma, na binti yake mdogo akaja kunitazama. Nikamwuliza kwa Kiswahili anasoma darasa la ngapi, akanijibu kwa Kiingereza. Nikamwuliza kama anapenda ugali, akajibu kwa Kiingereza kwamba anaupenda na sukari. Nikamwombea dua.

Mezani Wambui akaniuliza jambo lililokuwa linamkwaza. "Auntie, Solange ameniambia wewe ni mtani. Sasa hiyo ni kama nini, ni kama pastor? Ju ame-prepare room, ameweka Bible na candle. Ameuliza kama unakulanga nyama."

Nikaacha tonge hewani. Nikamweleza kazi yangu ni nini. Wambui akasikiliza, macho yanazidi kukua.

"Unaenda ku-insult mzee amefiwa? Kwake? Auntie, hii Minnesota. Watu wa hapa wata-smile tu, lakini nyuma wanaeza ita polisi. Si u-explain kwanza?"

"Utani ukishaelezwa umekufa," nikamwambia. "Yeye anaujua. Wengine wataelewa baadaye."

Hapo ndipo nilipokosea, na si mara ya kwanza Mnyamwezi kudhani dunia nzima ilipita njia ya msafara.

Anoka

Anoka ni mji wa zamani kaskazini, kando ya mto Mississippi, nyumba za mbao zenye vibaraza na miti mirefu. Ingrid alizaliwa huko. Alikuja kwetu akiwa mwalimu kijana wa shule ya wasichana ya Walutheri, akakutana na Lucien wake Dar, akamfuata kila alikopelekwa. Mimi nilikuwa mtoto Magomeni wakati huo, na Ingrid ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli, ananikimbiza nyuma huku mikono kiunoni, ananigombeza kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Nilimpenda sana. Mniruhusu niseme hivyo hapa, maana kule sikupata pa kusemea.

Alichomwa. Msishtuke, nimeshashtuka kwa niaba yenu nyote. Majivu yake yalikuwa ndani ya kisanduku cha mbao nyepesi, juu ya meza ya kulia chakula, penye kiti chake.

Tulifika wakati wa chakula cha jioni, bado jua linawaka. Solange akafungua mlango, mwanamke mrefu, mvi za mbele kama za baba yake, sahani ya biskuti mkononi. Akaniinamia kwa heshima ya kanisani. Nikampita.

"Yuko wapi yule mla vyura," nikapaza sauti, "aliyemzungusha mwanamke dunia nzima mpaka akaona afadhali afe apumzike?"

Mzaramo alikuwa mezani, amekonda, suti imemzidi. Nikavuta sahani iliyokuwa mbele yake, nikakaa, nikaanza kula viazi vyake. Nyuma yangu nikasikia biskuti zinaanguka moja moja.

Nilikuwa nasubiri. Angeniita mpagazi. Angesema nimekuja kwa harufu ya chakula. Badala yake alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanipa mkono.

"Mwalimu Nyamizi, nakushukuru sana kwa kuja. Samahani, chakula ni kidogo. Natumaini safari ilikuwa njema."

Kisha akanisogezea chumvi. Wenzangu, baridi yote ya uwanja wa ndege haikunipata kama ile.

Solange alinishika mkono akanipeleka jikoni. Anajua Kiswahili cha utotoni, cha Bujumbura na Moroni, na siku hiyo kilimrudia chote. "Nilikuita uje kumsaidia! Mama yangu yuko pale mezani, wewe unasema amekufa apumzike?"

"Solange, pole," Wambui akaingilia. "Mimi nilimwambia a-explain. Auntie, si ni-drive turudi tu Hopkins?"

Nikamwambia Solange habari za simu ya baba yake kwenye matanga ya baba yangu, na mama yangu alivyocheka akaomba uji. Nilimsimulia pole pole, nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, nikila biskuti zilizobaki kwenye sahani yake. Akaiweka sahani kando.

"Kwa hiyo baba alikuwa anaomba mtu wa kumtukana?"

"Ndiyo."

"Mimi nimemletea washauri nasaha wawili."

"Nao walimtukana?"

"Hapana."

"Basi umeona."

Alijizuia, akashindwa, akacheka puani. Halafu akaniinulia kidole. "Fanya kazi yako. Lakini mama usimguse."

Nikakubali. Jumamosi ilikuwa bado mbele.

Anoka, siku za katikati

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Kila asubuhi nilimtukana kabla ya kahawa. Nilimficha miwani. Nilivaa kofia yake ya balozi, ile yenye manyoya, nikafagia nayo ukumbi kwa mkogo. Yeye ananiambia, "Asante, Mwalimu, umejisumbua." Nikamwomba anisimulie kazi yake, nikidhani nitapata pa kumshikia, akanisimulia kama taarifa ya habari: Dar, Bujumbura, Moroni, Lubumbashi, miaka fulani Paris ofisini, mwisho balozi kamili katika nchi mbili za Afrika Magharibi. Hakuna mtu ndani ya habari hiyo.

Watu niliwapata kwa Solange, kwenye picha za ukutani. Bujumbura kulikuwa na karamu ya waziri, mpishi akaugua, Ingrid akapika ugali na ndagala, dagaa wa kule, akawaambia wageni ni chakula cha kwao Minnesota, waziri akaomba aongezwe. Lubumbashi wafanyabiashara wawili waliogombana waliletwa kwa konsuli. Lucien akawaacha waseme, waseme, waseme, chakula kinanukia chumba cha pili, mpaka wakapatana kwa njaa. Moroni paa la nyumba lilipaa na upepo, na kesho yake akapokea wageni bustanini akiwa na tai, kana kwamba nyumba isiyo na paa ni mtindo mpya wa Paris. Hizo nchi mbili za mwisho Ingrid alizichanganya makusudi mbele za watu, ili mumewe asivimbe kichwa.

"Katika picha zote mama yuko pembeni," Solange akasema. "Anashika mkoba. Nilikuwa namcheka, kila mahali anaonekana kama anayengoja teksi."

Majirani nao walikuja kila siku na bakuli la oveni: nyama ya kusaga chini, juu viazi vidogo vya kukaanga vimepangwa kama vigae. Kitamu. Ila kule kipande cha mwisho hakiliwi na mtu. Hukatwa nusu, na nusu ikakatwa nusu, kila mmoja akisema hapana, chukua wewe, mpaka kinabaki cha kulisha sisimizi. Nilikuwa nakila, nikiwaondolea wote tabu, na naamini walinipenda kwa hilo. Kuaga kwao ndiko kulikonifurahisha: wanasimama, wanasema haya sasa, wanakaa tena; wanafika mlangoni, wanaanza habari mpya; wanaingia garini, wanateremsha kioo. Nilijiona niko Tabora.

Lakini mzee alikuwa yule yule. Ijumaa niliketi naye kibarazani nikamtukana kwa uchovu, bila hamu. Akanishukuru.

Anoka, Jumamosi

Asubuhi ilikuwa kavu na ya upepo. Sanduku langu bado lilikuwa linatembea duniani bila mimi. Solange akanitazama na gauni langu jepesi, akaenda kabatini, akarudi na koti la kijani la sufu. Alilishika kidogo kabla hajanipa.

"La mama. Utaganda makaburini bila hili."

Nikalivaa. Lilinienea, na mfukoni mlikuwa na peremende.

Wageni walijaa sebuleni, kahawa mkononi, wamesimama kimya kwa mistari kama wanaosubiri kupigwa picha. Mchungaji alikuwepo, kijana mpole. Wambui alikuja na nguo nyeusi. Kisha Mzaramo akaingia, akasimama karibu na meza yenye kisanduku, akaanza kuongea. Alizungumza Kiingereza kizuri sana. Aliwashukuru majirani, akawashukuru kwa vyakula, akamshukuru mchungaji kwa subira. Akasema ardhi bado ina maji mengi. Akasema kuna marafiki wa mbali ambao wangependa kuwapo. Pengine, akasema, kama wote wataridhia, mambo yakitulia, mwezi ujao. Alisema vizuri mpaka nikajikuta natikisa kichwa kukubali, na mchungaji ameshafunga kitabu chake.

Solange alikuwa kando yangu. Nilimsikia akivuta pumzi. Akageuka, akachukua kofia ya mama yake ya kufuma kwenye kigingi cha mlangoni, akanivika mwenyewe, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Nenda," akaninong'oneza.

Nikaweka mikono kiunoni. Nikainua kidevu, nikapita katikati ya watu kwa mwendo wa Ingrid, wa haraka haraka kama aliyesahau sufuria jikoni.

"Lucien! Unahutubia mpaka kahawa ya watu inapoa!"

Mzee akageuka.

"Umeniweka juu ya meza ya chakula," nikasema, kwa Kiswahili kile kile cha kukatakata. "Mimi ni chumvi? Watu wanakula, mimi natazama. Kila siku viazi. Nimechoka kuona viazi."

Wambui akaziba mdomo kwa kitambaa. Wageni hawakuelewa neno, wakatabasamu tu, lakini hakuna aliyekunywa kahawa. Mzaramo alikuwa ananitazama, anatazama koti, anatazama kofia, na uso wake ukaanza kuachia.

"Ingrid," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Siwezi kukupangia tena. Maisha yote nilikupangia mimi. Ingrid funga mizigo, tunakwenda Bujumbura. Ingrid funga mizigo, Moroni. Solange alilia, wewe ulifunga. Sikukuuliza hata mara moja. Sasa nikupangie na kaburi?"

Hapo utani ulinikauka mdomoni. Kumbe ndilo lililokuwa limemkaba miezi yote. Mtani haruhusiwi kulia, lakini macho yangu hayakuwa na habari hiyo. Nikashika kiuno kwa nguvu zaidi.

"Lucien, hapa ni wapi?"

"Anoka."

"Anoka ni kwao nani?"

Akakitazama kisanduku.

"Ni kwetu. Nimezaliwa hapa. Nani alimwambia mwenzake, tukahamie Anoka?"

"Wewe."

"Nani alifunga mizigo akamfuata mwenzake?"

"Mimi."

"Basi kituo hiki balozi ni mimi. Wewe ni mke wa balozi. Na mke wa balozi hapangi ratiba. Vaa viatu."

Kwanza mabega yakatikisika. Nikaogopa, nikadhani nimemvunja. Kisha sauti ikatoka, kicheko kikubwa cha tumboni, akashika ukingo wa meza, miwani ikamdondoka, akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka tena. Solange akaenda akamkumbatia, naye akacheka bila kuulizwa. Na wageni wale wapole, wasioelewa kitu, nao wakaanza kucheka, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa ingekuwa ukosefu wa adabu kumwacha mwenye nyumba acheke peke yake.

Alivaa viatu. Alikibeba kisanduku mwenyewe, kifuani, mpaka garini na kutoka garini mpaka kaburini, akakataa kusaidiwa. Makaburi yapo mahali pa juu kidogo, penye nyasi zilizokuwa ndiyo kwanza zinachipua, na upepo ulikuwa unavuma hasa. Mchungaji akasoma. Mzaramo akapiga magoti, akamweka Ingrid chini taratibu, akakaa hivyo hivyo kwa muda akimwambia kitu kwa Kifaransa ambacho sikukielewa na sikutaka kukielewa. Kisha akachukua koleo, akafukia yeye mwenyewe.

Alipomaliza akajipangusa magoti, akageuka, akaniona. Nilikuwa bado nimevaa koti na kofia. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe mpagazi," akasema, kwa sauti iliyofika barabarani, "vua koti la mke wangu kabla hujakimbia nalo Tabora. Ukoo wenu hamwezi kuona mzigo wa mtu mkauacha ulipo."

Mchungaji akamsogelea Solange, akamwuliza kwa wasiwasi mzee amesema nini.

"Amemwita mgeni wetu mwizi," Solange akajibu, machozi yanamtiririka na meno yote nje. "Mungu asifiwe."